Nguchiro na Dirisha la Besiboli

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, vitanda na vikao visivyokwisha, kulikuwa na nchi moja iliyopenda besiboli kupita kiasi. Asubuhi, kacha! Jioni, kacha! Gongo na mpira, mpira na gongo.

Ilikuwa besiboli ya ridhaa. Yaani hakuna aliyelipwa. Mtu alitoka shambani, akanawa miguu, akaenda kucheza kwa kupenda tu. Lakini hata mchezo wa kupenda una wenyewe, na wenyewe walikuwa Shirikisho. Shirikisho ndilo lililosajili timu, kupanga ratiba, kugawa viwanja na kuchagua timu ya taifa. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kiboko, mwenye sauti kama pipa linaloviringika. Katibu alikuwa Bi Korongo, mwenye shingo ndefu na miwani, ambaye pia alikuwa mwamuzi.

Kwenye kichuguu nje ya mji aliishi Nguchiro. Mdogo, mwembamba, na mdadisi kweli kweli! "Kwa nini?" mama yake alilisikia neno hilo kabla ya chai, na baada ya chai akalisikia tena.

Nguchiro na rafiki zake wanane walikuwa na timu yao, Kichuguu. Mara tatu waliomba kusajiliwa, mara tatu wakakataliwa. Walichezea kwenye mawe, na Pimbi alikwisha kuvunjika jino. Mwaka huo likabandikwa tangazo: uwanja pekee wa nyasi utazungushiwa ua wa miiba, na timu isiyosajiliwa haitaukanyaga.

Basi Nguchiro akashika njia mpaka ofisini. Ngo, ngo, ngo!

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nani anaongea? Simwoni mtu!"

"Niko huku chini, mzee. Nimekuja kuuliza. Kwa nini Kichuguu haisajiliwi?"

"Kwa sababu nyinyi ni wadogo!"

"Sheria inasemaje kuhusu wadogo?"

Kiboko akafumba jicho moja, akafumbua. "Sheria? Sheria inasema... inasema mambo mengi. Haya, nenda zako!"

Nguchiro akatoka, lakini swali halikumtoka. Hivi kweli mzee anajua? Akazunguka nyuma ya ofisi, akamkuta Bi Korongo akipanga makaratasi.

"Bi Korongo, shikamoo. Kitabu cha sheria kipo?"

Bi Korongo akavua miwani kwa mshangao. "Kipo, mwanangu. Kwa miaka tisa hajatokea mtu wa kukiulizia. Soma hapa hapa, usitoke nacho."

Nguchiro akaketi dirishani, akasoma. Siku ya kwanza akapiga chafya kwa vumbi. Siku ya pili akakuta kwamba timu iliyokataliwa inaweza kuomba jaribio la zamu moja ya kupiga: ikipata mzunguko hata mmoja, yaani mchezaji wake apite vituo vyote vitatu na kurudi nyumbani, pale pa kupigia, lazima isajiliwe. Moyo ukamdunda, kisha ukapoa. Mzunguko mmoja wataupata wapi mbele ya Nyani, mrushaji wa timu ya taifa? Mpira wake ukipita husikii ila fyuuu!

Siku ya tatu akakuta habari ya dirisha.

Dirisha, wanangu, ni ile nafasi iliyo mbele ya mpigaji, toka magotini mpaka kwapani. Mrushaji akipitisha mpira humo mara tatu bila kupigwa, mpigaji yuko nje. Lakini akikosa dirisha mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Na dirisha lapimwa kwa mwili wa nani? Nguchiro akasoma mstari ule mara mbili. Kwa mwili wa mpigaji mwenyewe!

Akatazama magoti yake. Akatazama kwapa lake. Katikati pangeenea embe moja, tena dogo.

"He!" akasema peke yake. "Lakini wakiligundua hili, si watalifuta?" Akakaa akiwaza mpaka Bi Korongo akaja kufunga mlango.

Siku ya mkutano mkuu ukumbi ulijaa pembe na manyoya. Nguchiro akapanda juu ya meza, akaomba jaribio, na Bi Korongo akathibitisha kwamba haki hiyo imo kitabuni. Nyati wakacheka mpaka viti vikalia.

"Sawa," akasema Kiboko. "Jaribio kesho. Nyani atarusha!"

Hapo Nguchiro akaanza kulia. "Jamani, Mzee Kiboko, tuhurumie! Sheria ya dirisha inatuonea. Inasema kila mpigaji apimwe kwa mwili wake mwenyewe. Sisi wadogo tutaaibika! Tafadhali, tupimeni kwa mwili wa Nyati, tuonekane wakubwa kama wenzetu!"

"Eti nini?" Kiboko akanguruma. "Mnataka upendeleo?"

"Kidogo tu, mzee!"

"Hata kidogo! Mdogo apimwe kwa udogo wake! Wajumbe, mnasemaje?"

"Kwa udogo wake!" wakaitikia wote.

"Bi Korongo, andika. Piga muhuri. Na lisibadilishwe mpaka mkutano mkuu wa mwakani!"

Paa! Muhuri ukatua. Nguchiro akajifuta machozi kwa mkia, akashuka mezani ameinamisha kichwa, asije akaonekana anacheka.

Kesho yake Nyani akasimama katikati ya uwanja akitafuna jani. Nguchiro akaingia kwanza, gongo begani. Bi Korongo akainama, akainama tena, mpaka mdomo ukagusa nyasi, akapima: goti, kwapa.

Nyani akatemea jani pembeni. "Bi Korongo, dirisha liko wapi?"

"Hilo hapo."

"Hapo wapi?"

Fyuuu! Mpira ukapita juu ya masikio ya Nguchiro. "Mbovu!" akaita Bi Korongo. Fyuuu! "Mbovu!" Wa tatu ukachimba udongo, puu! Wa nne ukaenda kwa watazamaji. Nguchiro akatembea kituo cha kwanza, polepole, kama anakwenda dukani.

Akaja Pimbi. Mbovu nne. Akaja Kindi. Mbovu nne. Kila aliyetembea akamsukuma aliyemtangulia, vituo vyote vitatu vikajaa, na Nguchiro akawa kwenye cha tatu. Akitembea mmoja zaidi, yeye atasukumwa nyumbani, na mzunguko utakuwa umepatikana.

Mpigaji wa nne alikuwa Karunguyeye, mwoga kuliko wote. Sasa Nyani alikuwa ameerevuka. Akaacha nguvu, akarusha taratibu, chini. Nzuri! Tena. Nzuri! Kisha akakosa shabaha: mbovu, mbovu, mbovu. Mbili nzuri, tatu mbovu. Mpira mmoja tu ulibaki wa kuamua.

Nguchiro akamwona Karunguyeye akianza kujikunja na kurudi nyuma. Hili halikuwamo kitabuni.

"Simama, ndugu yangu! Simama tu!"

"Naogopa!"

"Na mimi naogopa! Simama hivyo hivyo!"

Karunguyeye akasimama. Nyani akarusha. Mpira ukaja, ukapanda, ukashuka, na... chwa! Ukanasa kwenye miiba ya mgongo wake.

"Nani ameuona mpira?" akauliza Nyani.

Bi Korongo akafungua kitabu, akakohoa. "Mpigaji aliyeguswa na mpira huenda kituo cha kwanza. Karunguyeye, tembea!"

Akatembea na mpira mgongoni, na Nguchiro akakanyaga nyumbani kwa miguu yote minne. Vigelegele!

"Hapana! Hapana!" Kiboko akapiga mguu, ardhi ikatikisika. "Tubadilishe sheria sasa hivi!"

"Mwakani, mwenyekiti," akasema Bi Korongo. "Uliamuru mwenyewe."

Kiboko akamgeukia Nguchiro. "Wewe mtoto," akasema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unalia kweli siku ile?"

"Kidogo tu, mzee."

Kichuguu ikasajiliwa. Jumamosi iliyofuata ikacheza na Nyati, waliokuwa wamefanya mazoezi wiki nzima ya kurusha kwenye tundu lenye ukubwa wa embe, ikafungwa mizunguko kumi na tisa kwa miwili. Wakarudi nyumbani wanaimba, miguu yao imejaa nyasi.

Nami ninawaambia hivi, wanangu: anayepitisha sheria bila kuisoma humpa nguvu yule aliyeisoma.