Sungura Namba Kumi na Saba

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii nimeitega mwishoni, na kuitegua si kazi yangu.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika kituo kimoja cha kutafuta dawa, juu mlimani. Fundi Shekilindi alijaliwa mashavu: akigeuza uso tu, hukwambia upepo unatoka wapi na unakwenda wapi. Bi Sikudhani, mlezi wa sungura, alijaliwa viganja: akimshika mnyama hukwambia kama ana mimba, homa au hofu. Daktari Ngereza, tabibu wa wanyama, alijaliwa mkono usiotetemeka. Kipaji hicho cha tatu hakuna mzazi anayemwombea mwanawe, lakini subirini.

Kituoni palikuwa na nyumba ya sungura arubaini, safi kuliko yangu na yako. Kila sungura na kizimba chake, kila kizimba na namba. Majina yalikatazwa, maana mwenye jina huliliwa. Sungura hao walijaribiwa dawa za homa za watoto, na jaribio likiisha walipelekwa chumba cha mwisho cha ukumbi. Hakuna aliyetamka neno kuua. Walisema "kulaza". Siku ya kulaza ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na mlazaji alikuwa Daktari Ngereza.

Sasa sikilizeni. Kila Jumanne, saa nane na ushei, jua likiwaka, sungura wote waliobaki walianza kupiga miguu chini. Du. Du. Du. Sungura hupiga mguu akihisi adui, lakini pale hapakuwa na nyoka wala nguchiro. Kisha majike waliozaa waliwakanyaga wanao na kuwatafuna. Wiki tatu mfululizo Bi Sikudhani aliokota vitoto vilivyokufa akavifunga kwenye gazeti. Watu wakanong'ona kwamba waliolazwa wanarudi kuwachukua watoto. Wafagizi wawili wakaacha kazi bila kuaga.

Mkurugenzi akaja, uso umemkunjamana. "Mimi sifugi mizimu. Uzao mmoja zaidi ukifa, wote arubaini watalazwa na nyumba nitaifunga."

Jike mwenye mimba alikuwa amebaki mmoja tu, Namba Kumi na Saba. Uzao wake wa kwanza ulikuwa miongoni mwa wale wa kwenye gazeti.

Fundi Shekilindi ndiye aliyeijenga nyumba ile. Jumanne iliyofuata alisimama ukumbini saa nane, akageuza shavu, mara akakaa chini sakafuni.

"Bi Sikudhani, ni mimi niliyewaua."

"Umewauaje, fundi?"

"Huku kwetu mvua hunyesha alasiri, kwa hiyo mafundi tunamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Nilijenga miezi minane na sikuwahi kusimama hapa saa nane. Asubuhi upepo unashuka, unatoka kwa sungura kwenda chumba cha mwisho. Mchana unapanda. Unatoka kule, unakuja huku. Harufu ya kifo inaletwa mlangoni kwao, na njia nimeichonga mimi kwa mkono wangu."

Wiki hiyohiyo aliziba matundu yote ya hewa upande ule, akainua dohani juu ya chumba cha mwisho, akaning'iniza uzi wa pamba ukumbini kuhakikisha kwamba upepo haurudi.

Daktari Ngereza aliyasikia hayo, akaliangalia koti lake jeupe. Alikuwa na desturi, akishalaza, ya kupita moja kwa moja kukagua waliobaki, akiwapapasa mmojammoja.

"Fundi umeziba matundu," alisema, "lakini mimi ninatembea. Mimi ndiye upepo wenyewe."

"Daktari, wewe unafanya kazi yako."

"Najua. Ila mke wangu akitwanga kinuni nyumbani, mimi huacha kula. Nasikia ile du, du."

Tangu hapo alikagua sungura asubuhi. Aliyelazwa alibebwa amefunikwa, akipitishwa mlango wa nje, na daktari akimaliza alivua koti, akaoga, asirudi kwa sungura hadi kesho yake.

Bi Sikudhani naye alikuwa na lake. Sheria ya kituo ilisema kila Jumatatu vizimba vioshwe kwa dawa kali na malalo yote yachomwe. Kumi na Saba alizaa Jumapili vitoto sita, akanyonyoa manyoya ya kifuani kwake akavitandikia. Jumatatu Bi Sikudhani alimshika, akasikia moyo wake unavyopapatika viganjani.

"Huyu tukimrudisha kwenye kizimba kinachonuka dawa, hatajua kama hawa ni wake," alimwambia mfagizi aliyebaki. "Mama anajua wanawe kwa pua."

Akafanya jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. Alificha konzi ya manyoya yale ndani ya kanga, akaosha kizimba, kisha akayarudisha juu ya vitoto.

Ikafika Jumanne, saa nane. Daktari alipokwisha kulaza na kuoga alisimama nje, mlangoni; fundi na Bi Sikudhani wakasimama ukumbini, hakuna aliyemtazama mwenzake. Ikafika saa tisa, ikafika saa kumi. Nyumba kimya. Bi Sikudhani akafungua kizimba: vitoto sita, vyote vinanyonya. Alilia bila kujificha.

Ni dawa ipi kati ya zile tatu iliyoponya? Tungeweza kuondoa moja tujue, lakini nani atajitolea kwa jaribio hilo? Mkurugenzi hakutaka kujua. Alisema, "Vitoto vitabaki kwa kazi ya dawa. Mama yao nawapa zawadi, atoke hapa mzima vikiacha kunyonya. Lakini fomu ya kumtoa ina nafasi ya jina moja la atakayemchukua. Msipokubaliana hadi Jumanne ijayo saa nane, anarudi kwenye orodha ya kulazwa."

Fundi akasema, "Nipeni mimi. Nilijenga mlango wa kuingilia tu. Nataka kuona mmoja anatoka mzima."

Bi Sikudhani akasema, "Nipeni mimi. Watoto wake wa kwanza niliwazika mimi, na hawa wa sasa anawaacha mikononi mwangu."

Daktari akasema wa mwisho. "Nipeni mimi. Nimelaza mia tatu na kumi na mmoja. Nataka mnyama mmoja anijue nikiingia na asipige mguu."

Siku zikapita kila mmoja akishikilia lake. Msiniambie wapokezane, fomu ni moja na jina ni moja. Na msiniulize mimi, maana nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nampa mwingine, na kila mara silali vizuri.

Je, wewe ungemwandika nani? Jibu upesi. Leo ni Jumatatu, na Kumi na Saba ameshaanza kupiga mguu.