Mchi wa Mwenye Wimbo

Hapo zamani za kale, wanangu, si zile za mbali, ni hizi zilizozeeka huku tukiziangalia, simu zilikuwa na vitufe na kila simu ilikuwa na sauti yake. Siku hizi zinatetemeka mfukoni kama mjusi aliyekamatwa. Wakati ule ziliimba. Kwenye gulio la Kibaoni uliweza kufumba macho ukajua nani anatafutwa. Tarumbeta: ni Ngiri. Jogoo akiwika: ni Mama Kanga, muuza mahindi.

Na ukisikia sauti ya kikongwe ikiimba, "Twanga mwanangu, twa! Mgeni yu njiani, twa!", ulijua anaitwa Kindi, msuka vikapu.

Wimbo ule ulikuwa wa bibi yake. Aliutunga mwenyewe, akautwangia miaka arobaini. Kindi alimrekodi jikoni, siku ya Jumanne, mvua ikinyesha. Ukisikiliza vizuri utasikia matone juu ya bati. Mwezi uliofuata bibi akafariki. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani ila ndani ya kile kisimu chenye ufa, na fundi alishasema haiwezekani kuihamisha.

Asubuhi moja Nyati akaingia gulioni, gu! gu! gu!, Ngiri nyuma yake na gunia tupu begani.

"Sikilizeni!" Nyati akanguruma. "Kuanzia leo mimi ndiye Mlezi wa Nyimbo Zote. Simu ikiita hadharani, muziki umepigwa hadharani, na muziki hulipiwa mrabaha. Kila mlio, kibaba cha mtama! Asiye na kibaba, simu yake inafutwa wimbo."

"Mrabaha ndiyo nini?" Mama Kanga akauliza.

"Haki ya mwenye wimbo."

"Basi mwenye wimbo aje aichukue."

"Si ndiyo nimekuja!"

Hajafunga mdomo, "Twanga mwanangu, twa!" Simu ya Kindi. Ni shangazi yake, aliyekuwa akimpigia kila siku ya gulio kumuuliza kama vikapu vinatoka. Ngiri akaruka, kwapu! Akaipokonya.

"Shikamoo, Mzee Nyati," Kindi akasema.

"Marahaba. Kibaba!"

"Lakini mzee, simu hii inaniita mimi, haipigi ngoma. Mtu akikubishia hodi, unamtoza kwa sauti yake?"

"Kanga ametikisa kichwa. Nimemwona. Amefaidi!"

"Jamani! Nilikuwa nafukuza nzi!"

Gulio zima likacheka. Nyati hakucheka. Kindi hakuwa na mtama, na vikapu vyake vitatu vilikuwa bado chini, havijauzwa. Ngiri akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

Kindi akakiangalia kile kidole kinene, kimelala juu ya sauti ya bibi yake, akahisi mkia wake wote umesimama. Kisha, wanangu, akatabasamu.

"Ngoja kidogo, kaka Ngiri. Mzee Nyati, kumbe wimbo huu ni wako?"

"Nyimbo zote ni zangu."

"Hata huu wa kutwangia?"

"Huo hasa!"

"Unasema hivyo mbele ya gulio lote?"

"Mbele ya gulio lote!"

Kindi akapiga magoti. "Basi karibu, mwenye wimbo. Mama Kanga, tia mahindi kinuni, umpe mchi."

Kina mama wakatazamana, vicheko vimewabana. Waliijua desturi, nayo haikuandikwa popote: wimbo wa kutwangia una mwenyewe, na mwenyewe ndiye ashikaye mchi. Wimbo ukilia, atwange. Ukinyamaza, apumzike. Akikataa, si wake. Wakamweleza Nyati.

"Mlio mmoja ni mapigo mangapi?" Nyati akauliza. "Kumi? Leteni hicho kijiti!"

Maskini, kulikuwa na jambo moja asilolijua. Wakubwa hupiga simu na hupigiwa. Sisi wadogo tulikuwa tunabipu: unapiga, inaita, unakata kabla hajapokea, na salio lako liko palepale, halijapungua hata senti. Nyati hakuwahi kubipu tangu azaliwe.

Kindi akamkonyeza Mama Kanga. Ti-ti-ti, Mama Kanga akabonyeza.

"Twanga mwanangu, twa!"

Nyati akatwanga. Twa! Twa! Simu ikanyamaza. Akainua mkono afute jasho.

"Twanga mwanangu, twa!" Huyo Pimbi, muuza mihogo.

Twa! Twa!

"Twanga mwanangu!" Kicheche. "Twanga mwanangu!" Mama Kanga tena.

"Ngiri! Pokea hiyo simu!"

"Nipokeeje, mzee? Nikigusa tu, wamekata!"

Yakaisha mahindi ya Mama Kanga, ikaingia mihogo mikavu ya Pimbi. Kina mama wakaanza kuitikia, "Twa!", kama walivyokuwa wakimwitikia bibi enzi zake, kinu katikati na watoto wakigombea makoko ya ugali. Kindi akafumba macho. Kwa kitambo kidogo hakuwa gulioni. Alikuwa jikoni kwao, na unga ulikuwa unanukia.

Puu! Mchi ukaanguka.

"Basi! Basi! Viganja vyangu!" Nyati alihema, hee, hee, ulimi nje. "Si wangu!"

"Kwa sauti, mzee. Wa nyuma hawajasikia."

"Wimbo si wangu! Ni wa bibi yako!"

"Na tarumbeta la Ngiri?"

"Si langu!"

"Na jogoo?" Mama Kanga akadakia.

"Wa jogoo mwenyewe! Niacheni!"

Kindi akanyoosha mkono. Ngiri akairudisha simu. Kindi akaisikiliza sikioni, mpaka mwisho, na matone yote ya mvua yalikuwepo.

"Mzee Nyati," akasema, "siku mwenye wimbo wa kweli akija hapa, tutampa chake kwa mikono miwili. Wewe, safari njema. Na kwa unga, tunakushukuru."

Nyati akaondoka akipuliza viganja, na gulio likacheka mpaka vinu vikatikisika.

Basi, wanangu: asiyeutolea wimbo jasho asidai utamu wake.