Viatu vya Mjini vya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika chai na kununiana kama tununianavyo sisi, palikuwa na Pimbi mmoja aliyeishi peke yake nyumba ya pembeni, karibu na majabali. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene kidogo, masikio kama vifungo vya shati, na hajui kukaa akatulia. Huyo huyo. Sogeeni basi, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzio.

Pimbi alikuwa na mdogo wake, jina lake Mashavu. Huyu Mashavu aliolewa mbali, ng'ambo ya mpaka, kwenye mji mkubwa wa nyumba za mawe na ngazi za kupanda na kushuka. Asubuhi moja Njiwa akatua dirishani, pu!

"Bi Pimbi! Bi Pimbi! Mashavu amejifungua! Mtoto wa kike!"

Pimbi akapiga vigelegele peke yake uani hadi majirani wakachungulia. Kisha akaketi juu ya kinu akalia. Alilia kwa sababu mama yao, Bi Mwanatumu, alikufa bila kumwona mjukuu. Siku ya mwisho kabisa mabinti wote wawili walimshika mkono wakamwahidi kwamba mtoto wa kike wa kwanza atalichukua jina lake. Mama akatabasamu, na lile ndilo tabasamu walilobaki nalo.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mtoto anapotimiza arobaini hufanyiwa shughuli, na mgeni wa kwanza kutoka kwao mama akiingia ndani, ndiye humpakata mtoto na kumpa jina. Likishatamkwa limetamkwa. Halibadilishwi hata ukigaragara chini.

Kwa hiyo Pimbi alikuwa hana budi kufika. Lakini njia ya kwenda huko ilijaa fisi, na mnyama mdogo hakupita peke yake akasalimika. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kiboko.

"Hodi, hodi!"

"Nani?"

"Mimi Pimbi. Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sema haraka, niko kwenye chai."

Kiboko alikuwa amekaa na rafiki yake Faru, na sinia la maandazi katikati. Pimbi akaeleza habari ya safari, ya fisi, ya arobaini, na ya mgeni wa kwanza kutoa jina. Alipotaka kuendelea na habari ya mama yake, Kiboko akaweka kikombe chini, tak!

"Ngoja kwanza. Anayeingia wa kwanza ndiye anayetoa jina?"

"Ndiyo, mwenyekiti, na jina lenyewe ni..."

"Basi limekwisha! Tutakupeleka, mimi na Faru. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa msafara, nitaingia mimi mbele. Mtoto ataitwa Kiboko."

"Lakini mzee wangu, ni mtoto wa kike. Tena ni pimbi!"

"Ataitwa Bi Kiboko."

"Ho! Ho! Ho!" akacheka Faru, makombo ya andazi yakimruka. "Limekaa vizuri hilo! Mpaka ng'ambo watakujua!"

Pimbi akarudi nyumbani na moyo mzito. Kumkatalia Kiboko, haendi. Kumkubalia, jina la mama linapotea. Akawa anasugua sufuria, kwaru kwaru kwaru, huku machozi yanadondokea kwenye majivu. Mara mkono ukasimama. Alikumbuka kitu alichokiona mjini kule siku ya harusi ya Mashavu, mlangoni pa kila nyumba. Akaanza kucheka, kwi kwi kwi! Alikumbuka nini? Mtakijua tukifika mlangoni.

Kesho yake akamkubalia Kiboko, na wote watatu wakaenda kwa fundi viatu. Fundi mwenyewe alikuwa Nungunungu, na msije mkacheka, alishonea miiba yake mwenyewe. Ukimkuta kazini utamwona anajipapasa mgongoni, anang'oa mmoja, "Aah!" kisha anaendelea kushona.

"Fundi," akasema Kiboko, "tunakwenda mjini, ng'ambo. Tutatembea, tutatazamwa. Tupe viatu vinavyofaa."

Nungunungu akashusha makubazi mapana ya ngozi laini, yaliyopakwa mafuta yakalainika, yenye uzi mwekundu na wa kijani pembeni. Yalipendeza kweli. Kiboko akatumbukiza mguu mmoja.

"Mmh! Kama sijavaa kitu!"

Pimbi akaona mambo yanaharibika. Akakimbilia rafu ya juu, akakumbatia jozi moja ya viatu vyeusi tii, vyembamba, vyenye ncha mbele na bizimu ya shaba inayometameta.

"Afadhali!" akapumua. "Nilihofu mtavichukua hivi. Chukueni hayo makubazi, wazee wangu, mstarehe. Hivi vya watu wa mjini niachieni mimi maskini."

Kiboko akageuza shingo polepole. "Vya watu wa mjini?"

"Aa, nimesema nini mimi? Hapana, hapana, vya kawaida tu."

"Lete hapa!"

"Jamani, mwenyekiti, usininyang'anye! Baba mkwe wa Mashavu anavaa hivi hivi. Wakubwa wote wa kule wanavaa hivi. Mtu akipita navyo, kwichi kwichi kwichi, watu wanampisha njia!"

"Fundi!" akanguruma Kiboko. "Nipime. Vya mtindo huu huu. Na Faru naye."

Nungunungu akazungusha kamba kwenye mguu wa Kiboko, akatikisa kichwa. "Mzee, mguu wako ni mpana. Kiatu cha namna hii kitakubana. Halafu sasa hivi ni asubuhi. Ukitaka kipimo cha kweli rudi jioni, mguu ukiwa umeshatembea."

"Jioni nina kikao."

"Fundi anasema kweli," akadakia Pimbi kwa upole. "Mguu mpana, utaufanyaje? Kule wanasema mguu mpana ni wa mtu wa shamba, lakini tusiwajali."

Kiboko akautazama mguu wake. Faru naye akauficha wa kwake chini ya benchi.

"Punguza kipimo," akasema Kiboko.

"Mzee..."

"Nimesema punguza!"

"Na changu punguza zaidi," akasema Faru.

Fundi akapunguza. Pimbi akaondoka na makubazi laini ya kipimo chake, amenuna mdomo ukagusa kifua. Alipokata kona akarukaruka kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuyavua. Alikwenda nayo kisimani, akachanja nayo kuni, hata gidamu, vile vikanda vya mbele, zikazoea vidole vyake. Kiboko na Faru walivifunga vya kwao kwenye karatasi wakaviweka juu ya kabati, visije vikashika vumbi.

Siku ya safari ikafika. Kiboko na Faru walitembea miguu mitupu na viatu kwapani, kama wafanyavyo wengi wanaokwenda mjini, ili wavivae wakifika. Waliposikia fisi wanacheka vichakani, Faru akakoroma, "Khrrr!" na fisi wakanyamaza jii. Hapo Pimbi aliwashukuru kwa dhati. Walikuwa wababe, lakini ubabe wao ulimfikisha salama.

Kwenye lango la mji wakaketi kuvaa. Lo! Jua lilikuwa kali, na miguu iliyokwenda mwendo wote ule ilikuwa imeumuka kama maandazi. Faru akamsukumia Kiboko, Kiboko akamkandamizia Faru. "Ingia! Ingia wewe!" Mwishowe, fyatu! Vikaingia.

"Vinakaaje?" akauliza Pimbi.

"Safi kabisa," akasema Kiboko, jicho moja likitoka chozi.

"Mnapendeza! Sasa tukienda moja kwa moja nyumbani nani atawaona? Twendeni tukapite sokoni kwanza."

Wakapita sokoni. Wakapita kwa wauza kahawa. Wakapanda ngazi za mawe hadi juu kutazama mji, wakashuka upande wa pili. Pimbi mbele, pa pa pa pa, mwepesi katika makubazi yake. Nyuma, kwichi, "Ss!", kwichi, "Yalaa!", kwichi.

"Pimbi!" akaita Faru. "Bado mbali?"

"Hapo tu, mzee wangu. Au viatu vinabana?"

"Nani kasema vinabana?" wakajibu wote wawili.

Mwishowe wakafika. Ngoma zilikuwa zinalia ndani na harufu ya pilau ilijaa kichochoro kizima. Kiboko akamsukuma Pimbi pembeni kwa kiwiko.

"Kaa nyuma. Mimi ndiye mgeni wa kwanza."

Akapanda barazani. Na hapo mlangoni, wanangu, vilikuwa vimepangwa viatu, jozi kwa jozi, vya wakubwa kwa wadogo. Kwa maana katika mji ule hakuna anayeingia ndani ya nyumba ya mtu na viatu, awe mfalme, awe mchukuzi. Hicho ndicho alichokikumbuka Pimbi akisugua sufuria.

Mama mkwe wa Mashavu, kikongwe wa kipimbi, akatokea na ufagio mkononi.

"Karibuni, wageni wetu! Viatu hapo chini, ndani mna mikeka mipya na mtoto mchanga."

"Bila shaka, mama," akasema Kiboko. Akavuta. Kiatu kimya. Akavuta tena, akageuka mwekundu. "Faru, nishike!"

Faru akavuta, "Hiii-yaa!" Wakaanguka chali wote wawili, puu! Kiatu hakikusogea.

"Mama, niruhusu niingie hivi hivi tu, nitatembea kwa ncha za..."

"Thubutu!" Ufagio ukainuka.

Pimbi akainama, akalegeza gidamu, fyu, fyu, makubazi yakabaki chini. Akasema "Samahani, wazee wangu," akapita katikati yao na kuingia.

Mashavu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejitanda kanga mpya. Alipomwona dada yake akamnyooshea mikono. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakalia tena. Kisha Pimbi akapewa mtoto, kitu kidogo hicho, chenye joto, kinapiga miayo. Akaweka mdomo kwenye kisikio chake.

"Wewe ni Mwanatumu," akasema. "Mwanatumu, jina la bibi yako."

Vigelegele vikapasua dari. Mashavu akafunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Ahadi ilikuwa imetimia.

Vigelegele vilipopoa, Pimbi akasikia kilio barazani. "Uuuwi, kidole changu! Uuuwi!" Wanangu, Pimbi hakucheka. Yeye mwenyewe alitaka vile viatu viwabane, na sasa moyo ulimbana yeye. Akachukua karai la maji ya uvuguvugu na chumvi, akatoka nalo.

"Tumbukizeni, wazee wangu, na viatu vyenyewe."

Kiboko akamkazia macho. "Ulijua."

"Nilijua, mwenyekiti. Nimekudanganya kwa fundi, nimekuzungusha mji mzima kwa makusudi. Unisamehe."

"Kwa nini? Kwa jina tu?"

"Ni jina la marehemu mama yangu. Nilitaka kukwambia siku ile, hukunipa nafasi."

Kiboko akaitazama miguu yake ndani ya karai. "Bi Mwanatumu," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Nilipougua homa mimi, yeye ndiye aliyeniletea uji. Kila siku, bakuli lile dogo dogo. Ningejua, Pimbi, nisingethubutu."

"Ungenisikiliza, ungejua, mzee wangu."

"Kweli," akasema Kiboko, akainamisha kichwa.

Ngozi ikalowa, ikalegea. Pimbi akavuta kidogo kidogo, na mara, pwaa! Kiatu kikaruka juu, kikavuka kichochoro. Kikafuata cha pili, na vya Faru pia. Malengelenge yalikuwa yametapakaa vidoleni. Mama mkwe akayafuta kwa kitambaa safi, akawaambia ufagio wake hauna kinyongo, waingie wakale.

Wakaingia miguu mitupu, taratibu, wakichechemea. Mashavu akamweka mtoto kwenye kiganja cha Kiboko, naye akashika pumzi asije akampeperusha. "Hujambo, Mwanatumu," akanong'ona. Mtoto akapiga chafya, chii! Kiboko akalia machozi mengi kuliko hata kule langoni, na safari hii hakuyaficha.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: usijisukumize ndani ya kisicho chako, kiwe kiatu au iwe furaha ya mwenzio, maana kutoka humo ni kwa uchungu.