Tumsifu Achagua Spika

Amplifaya ya kwaya iliungua asubuhi ileile ambayo Tumsifu, mpiga besi, alikuwa anamwozesha mdogo wake. Harusi bila besi ni aibu ya ukoo mzima. Akabeba gitaa lake, akaingia dukani kwa Bwana Mbonde.

"Bosi, niazime amplifaya na spika kwa leo tu."

"Dada, hapa siazimishi hata waya. Nauza. Kujaribu ni bure, humuhumu ndani."

"Basi acha nijaribu, nichague."

Mbonde akaunganisha amplifaya ndogo na spika yake. Tumsifu akapiga kidogo, akakunja uso. "Hii inakohoa tu."

Mbonde akaburuta boksi lenye spika mbili.

"Hili lina nguvu, ila halina utu."

Jasho likimtiririka, Mbonde akaleta boksi la spika nne, refu kama kabati la nguo. Likapigwa, na kofia ya Mbonde ikacheza kichwani.

"Hapo sasa!" Tumsifu akasema. "Lisukume mpaka ukuta wa nyuma, bosi, nilisikie vizuri."

Akapiga wimbo mzima, akaunganisha na wa pili, kisha akaacha kupiga ghafla, kama anayemsubiri mtu. Nyuma ya ukuta, kwenye ukumbi wa sherehe uliopakana na duka, vikalipuka vigelegele.

"Mbona ukumbini wanashangilia?" Mbonde akauliza.

"Ni harusi ya mdogo wangu. Ngoma na kinanda viko huko, besi inapita ukutani yenyewe. Mungu anisamehe, na wewe pia, bosi wangu. Sasa naomba uongeze sauti kidogo, bibi harusi anaingia."