Jina la Kwenye Chupa ya Jamu

Ninyi mnaopenda kuamua kesi za wenzenu, sogeeni. Leo nina kesi ya jamu.

Huko Poland, miaka ile serikali ilipoacha kumiliki kila kitu na kuanza kuuza viwanda, mji mmoja mdogo ulikuwa na kiwanda cha jamu ya plamu. Watu sabini walikitegemea. Tajiri mmoja wa mji mkuu alitaka kukinunua, akifunge, ajenge maghala. Wafanyakazi waliambiwa kwamba nao wanaweza kukinunua, ila maombi yao yafike kwenye ofisi ya kuuza viwanda kabla ya ya tajiri, mashine ifanye kazi, na mnunuzi wa jamu awe amepatikana.

Mashine ilikuwa imekufa. Zenon, fundi anayejua ugonjwa wa mashine kwa kusikiliza tu, alisema mota imeungua, na vipuri havikuwepo. Akaenda nyumbani, mkewe Kasia akiwa sokoni, akang'oa mota ya mashine yake ya kufulia. Jumatano plamu zikachemka.

Irmina alijifunza Kijerumani akichuma matunda mashambani kwa watu huko Ujerumani. Alivuka mpaka na chupa sita, akabisha hodi maduka kumi na moja. Kumi yalimfukuza kwa adabu. Mwenye duka la mwisho alionja kijiko kimoja, akatia saini mkataba wa kununua jamu.

Bibi Bogna yeye kipaji chake kilikuwa foleni. Zama za uhaba alipanga foleni ya nyama ya mtaa mzima kwa daftari la majina, na hakuna aliyethubutu kumruka mwenzake. Walimcheka: soko huria limekuja, foleni ya nini tena? Akabeba kigoda, akakaa mlangoni pa ile ofisi ya kuuza viwanda tangu Jumamosi, akiandika kila aliyefika na shida yake. Jumatatu tajiri akashuka garini, akanyoosha moja kwa moja mlangoni.

"Wewe ni wa kumi na tisa, mwanangu," Bogna alimwambia.

Waliokuwa kwenye daftari wakaziba mlango. Bogna akaingia wa kwanza na maombi ya wafanyakazi.

Kiwanda kikapona. Watu wazima walilia kwa furaha, na hata mimi ninayesimulia nashusha pumzi kila nikifika hapa.

Kisha wakakutana kuipa jamu jina la aliyewaokoa. Wakabishana mpaka chai ikapoa: Zenon, Irmina au Bogna? Ndipo Kasia akasimama nyuma, mikono imechubuka kwa sabuni.

"Miezi miwili nafua kwa mikono," alisema. "Hakuna aliyeniomba ile mota, na sijaidai."

Lebo ina nafasi ya jina moja. Haya, kalamu hiyo hapo: wewe ungeandika la nani?