Hodi ya Mchumba

“Hodi ya mchumba haifunguliwi na mwajiri. Methali hii ilianza hivi,” Mjomba Mbwana aliwaambia wapwa zake wawili waliomuuliza, “na shukuruni mnaisikia kwa mtu safi. Mimi tangu nizaliwe sijamkana mwanadamu.”

Dada yake Mwanaidi, mama wa watoto hao, alikuwa pembeni akipiga pasi. Hakuinua kichwa.

Palikuwa na jamaa, tumwite Salehe, fundi umeme mwenye cheti na miaka mitatu ya kukaa bure. Barua zake za maombi hazikujibiwa hata kwa tusi. Akabuni ujanja: akaingia kwenye programu ya simu ya kutafutia wachumba. Wenzake walitazama sura, yeye alitazama kazi. Msusi, pita. Mwalimu, pita. Afisa utumishi wa kiwanda cha magodoro, hapo kidole kikasimama.

Afisa huyo, Mwantumu, alikuwa mjane. Asubuhi Salehe alimtumia maneno matamu, mchana akamtumia vyeti. Mwantumu akampenda kweli, hata baba yake akaalika wazee wapokee posa Jumamosi.

Nafasi ya fundi ikatangazwa, Salehe akaitwa kwenye usaili. Mwenyekiti akainua karatasi.

“Bi Mwantumu ameandika kuwa wewe ni mchumba wake. Kweli?”

Akiitikia, alidhani, kazi imekwenda.

“Simjui, mzee. Labda ananifananisha.”

Nyuma yake kiti kikalia. Mwantumu alikuwa ameketi pale. Akaja taratibu, akaweka simu yake mezani. Ujumbe wa asubuhi ile ulisomeka: *Mke wangu mtarajiwa, niombee.*

“Tulikuuliza ili, ukikiri, yeye atoke kwenye usaili huu, wewe ubaki,” mwenyekiti alisema. “Ulibisha hodi ya mchumba, kijana. Haifunguliwi na mwajiri.”

Jumamosi wazee walikuja, wakamsubiri Salehe, wakaondoka. Mwantumu hakumaliza mwezi kazini. Kicheko cha kiwanda kizima kilimtoa.

“Na Salehe je, mjomba?”

“Aah, alihamia mbali.”

“Mbali wapi, kaka?” Mwanaidi aliweka pasi chini. “Shati la usaili nililinyoosha mimi, kwa pasi hii hii. Na Mwantumu alipokuja kukuulizia, ulijificha chumbani ukanituma niseme hatukujui.”

Wapwa wakamgeukia. Mjomba alikohoa.

“Hodi ya mchumba...” akaanza.

Dada yake akamalizia, huku akiinua pasi: “Haifunguliwi na mwajiri.”