Mpira Uliotumbukia Kwenye Pilau

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani gani, maana simu zilikuwepo na salio lilikuwa linaisha katikati ya mazungumzo vilevile, Muheza palikuwa na timu ya besiboli. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka. Besiboli ni mchezo wa kurusha, kupiga na kudaka. Mmoja anarusha kipira kigumu, mwenzake anakisubiri na gongo, akikipiga anatoka mbio kuzunguka vituo mpaka arudi alikoanzia, na wengine wanahangaika kukidaka kabla hakijagusa chini. Ndiyo hivyo tu. Anayetaka zaidi akawaulize wenyewe.

Timu iliitwa Chungwa, kwa sababu vijana wale walijifunza kurusha kwa machungwa. Muheza machungwa ni mengi mpaka mbuzi wanayakinai. Walirushiana asubuhi, walirushiana jioni, likipasuka wanalila na kuchukua jingine.

Basi ikaanzishwa ligi ya kulipwa, na Chungwa wakaalikwa. Kijana alipwe kwa kurusha mpira? Mama zao waliuliza mara mbili mbili. Lakini palikuwa na sharti. Kabla msimu haujaanza, mkaguzi wa ligi atakuja kuwatazama. Akiridhika, Chungwa wanacheza msimu mzima. Asiporidhika, nafasi yao inakwenda Korogwe, na Korogwe walishakaa mkao wa kula.

Kocha wao aliitwa Mhina. Mtu mwema, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali hawautibu: alikuwa hawezi kusema hapana. Ukimwomba baiskeli, anasema hakuna neno. Akija mwingine kuomba baiskeli hiyohiyo, anasema hakuna neno. Kisha yeye anakwenda kwa miguu, na nyinyi wawili mnagombana barabarani.

Mkaguzi akapiga simu. "Kocha, nakuja Jumamosi kukagua."

"Hakuna neno," akasema Mhina.

Hata sahani ya chakula cha jioni haijaoshwa, akabisha hodi baba yake Sauda. "Mwalimu, namwoza binti yangu Jumamosi. Nyumbani ni padogo. Tunaomba kile kiwanja chenu."

Mnajua alichojibu. Sitarudia.

Jumamosi ikafika. Nusu ya kiwanja ni vijana wa Chungwa na magongo yao. Nusu nyingine ni turubai, viti, ngoma na akina mama waliovaa wakapendeza. Mkaguzi akashuka kwenye gari na tai yake shingoni, akashangaa.

"Hawa ni nani?"

"Mashabiki," akasema Mhina.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa heshima. Hajawahi kuona timu yenye mashabiki wengi hivyo kabla ya msimu. Akatoa mpira mfukoni, umefungwa kwenye leso.

"Kocha, mipira ya ligi nzima imekwama bandarini. Ninao huu mmoja. Nataka kuona mambo matatu: mmerusha, mmepiga, mmedaka. Mkishindwa, mimi nikitoka hapa naelekea Korogwe."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu watatu wanapoingia, na mwisho nitawauliza. Wewe unayechokonoa meno, nitaanza na wewe.

Wa kwanza ni Sauda, bibi harusi. Amekaa kwenye kiti chake chini ya turubai, mtandio umemfunika uso, somo yake yuko pembeni. Somo alikuwa amemfunda wiki nzima: bibi harusi hanyanyui macho, bibi harusi hafungui mdomo. Hata nzi akimtua puani, amvumilie. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa, anahakikisha.

Wa pili ni Bi Mwantumu, mpishi wa shughuli. Hakuna aliyeoa Muheza bila pilau ya Bi Mwantumu, na waliothubutu wanajuta. Mhina alikuwa amembembeleza asogeze mafiga yake mbali na kiwanja. Akakataa. Alikuwa na kanuni moja: akishafunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, haifunguliwi mpaka yeye aseme. Shehe aliwahi kuomba aonje kidogo tu, akaambiwa asubiri na wenzake.

Wa tatu ni Semkiwa, mdakaji wa Chungwa. Kijana mwenye miguu myepesi na shingo nyepesi zaidi. Alipangwa kusimama mwisho wa kiwanja, karibu na turubai, glavu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuangalia mpira.

Haya. Mrushaji akarusha. Mpigaji akapiga, tena akapiga haswa. Mpira ukapaa, ukawa unamjia Semkiwa pale aliposimama. Wapi. Shoga zake Sauda walikuwa wameingia kucheza, viuno vinazunguka, na Semkiwa alikuwa amegeuka kuangalia viuno. Mpira ukampita juu ya kichwa, ukaenda moja kwa moja ukatumbukia kwenye sufuria ya pilau, ukazama. Bi Mwantumu alikuwa ameiacha wazi, ameinama kuchota makaa. Ngoma inalia, hakusikia kitu. Akageuka, akafunika, akapalia makaa, akajifuta mikono.

Mpira haukuonekana tena. Wakautafuta chini ya viti. Wakautafuta chini ya akina mama waliokalia viti. Mtoto mchanga alifunguliwa mbeleko akakaguliwa. Mkaguzi akatazama saa yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Mhina akamkimbilia na chungwa mkononi.

"Mheshimiwa, tungeendelea na hili kwa muda."

Mkaguzi alimtazama kocha, akalitazama chungwa, akafungua mlango wa gari. Vijana wa Chungwa waliona msimu wao unaingia garini na kufunga mkanda. Mmoja alianza kulia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Hapo Sauda akaufunua mtandio usoni. Akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mpira uko kwenye pilau."

Ngoma ikakatika. Somo akajiziba mdomo kana kwamba aliyesema ni yeye. Mama mkwe akageuka taratibu.

"Huyu ameonaje," akauliza, "na tuliambiwa anaangalia chini?"

Lakini watu wote walikuwa wanamtazama Bi Mwantumu. Bi Mwantumu akasimama mbele ya sufuria yake, mwiko mkononi.

"Haifunguliwi," akasema.

"Mama," akasema Mhina, "nakupigia magoti."

"Piga. Wali ndio kwanza unakauka. Nikifungua sasa utakuwa uji, na hawa wa upande wa bwana harusi wataniimba mpaka nife. Nimepika tangu hujazaliwa, Mhina. Hakuna aliyewahi kula uji kwangu."

Akawaangalia wale vijana mmoja mmoja. Wote aliwahi kuwafukuza kwenye ukoko. Akasonya. Kisha akapangua makaa kwenye mfuniko, akafunua, na mvuke ukatoka wote, na watu wanaojua pilau wakafumba macho kwa uchungu.

Mkaguzi akarudi. Sasa, harufu ya pilau ile ilikuwa imeshamfikia, na sitaki kusema lolote juu ya nia yake. Akakuna kidevu.

"Kwa hiyo mpira haujagusa chini?"

"Haujagusa," wakaitikia.

"Basi ukidakwa kabla haujagusa chini, nahesabu umedakwa. Ukigusa chini, Korogwe."

Semkiwa akaja mbio na glavu yake. Bi Mwantumu akamsimamisha kwa mwiko.

"Hiyo ngozi ya jasho isisogelee chakula changu."

Semkiwa akaivua. Bi Mwantumu akachimba, akachimba, akauibua mpira unang'aa mafuta, umebandikwa punje za wali. Akauinua juu ya mwiko. Ukateleza. Semkiwa akajirusha akaudaka kwa kiganja kitupu cha mkono wa kulia, mkono wake wa kurushia. Mpira ulikuwa umechemka kwenye mafuta ya nyama, na kijana hakuuachia. Alikuwa anamtazama mkaguzi, machozi yanamtoka, anasubiri. Na mkaguzi yule, jamani, alikuwa mzito wa kusema.

"Nimeona," akasema mwishowe.

Chungwa wakapata msimu wao. Harusi ikaendelea. Pilau ikaliwa kwa kijiko.

Mngependa niishie hapo, siyo? Sasa sikilizeni.

Ligi ina desturi moja. Siku ya ufunguzi, kabla ya mchezo, mtu mmoja anayeheshimiwa na mji hurusha mpira wa kwanza wa msimu. Anatangazwa kwa jina, uwanja mzima unasimama. Kocha wa wenyeji ndiye anayemchagua.

Akaja Sauda kwa Mhina, amejifunika vizuri safari hii.

"Shikamoo mwalimu. Sikai muda mrefu, nimetoroka. Kule kwa mume wangu naitwa mdomo. Nikisalimia, mdomo. Nikinyamaza, mdomo umechoka. Mama mkwe amesema neno moja tu: kama kweli niliuokoa mji, basi mji utanitaja. Usiponitaja, nilikuwa nafanya umbea siku ya harusi yangu. Nitaishi nyumba ile maisha yangu yote, mwalimu. Mpe mama mkwe sababu ya kuniita jina langu."

Mhina akaona huruma. "Hakuna neno, Sauda. Utarusha wewe."

Akaja Bi Mwantumu.

"Mhina mwanangu, harusi mbili zimenikimbia. Wamechukua mpishi kutoka Pongwe, anayeweka bizari kama anapanda mbegu. Watu wanasema Mwantumu amezeeka, anapika uji. Nataka nisimame mbele yao wote waambiwe kwamba niliharibu kwa makusudi, kwa ajili ya watoto wao. Sitaki kingine. Nina jina tu, sina kitu kingine."

"Hakuna neno, mama. Utarusha wewe."

Akaja Semkiwa, kiganja kimefungwa bendeji kubwa.

"Kocha, muuguzi anasema sitacheza nusu ya msimu. Na ligi inasema mchezaji asiyerusha mpira uwanjani siku ya ufunguzi, nafasi yake anapewa mwingine. Nikirusha ule wa kwanza, inahesabika, nabaki kwenye timu. Nitarusha kwa kushoto, hata ukienda upogo. Wote mtacheza msimu nilioudaka mimi, kocha. Mimi niuangalie kutoka barabarani?"

Mnamjua Mhina. Hakuna neno.

Siku ya ufunguzi Muheza nzima ilikuwa uwanjani. Mama mkwe alikaa mbele, bila shaka. Yule mpishi wa Pongwe naye alikuja, sijui alitafuta nini. Mtangazaji akachukua kipaza sauti.

"Na sasa, mpira wa kwanza wa msimu unarushwa na..."

Wakasimama watatu. Wakatembea mpaka katikati ya kiwanja kutoka pande tatu, kila mmoja akitabasamu, mpaka walipoonana. Tabasamu zikaisha hapo. Mhina alikuwa ameshika mpira. Mbele yake ikanyooshwa mikono mitatu: mmoja una hina, mmoja una masizi yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na mmoja wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye bendeji.

Uwanja ukaanza kelele. Upande mmoja wanasema mpeni Sauda, asingesema, mpira ungeliwa. Mwingine anajibu kwamba bibi harusi mwenye adabu asingeona kitu. Kwani adabu ingeicheza ligi? Hapa wanasema mpeni Bi Mwantumu, asingefunua, msimu ungeiva na kukauka humo ndani. Pale wanasema mafiga yake yalikuwa ndani ya kiwanja kwa ubishi wake mwenyewe, na sufuria aliiacha wazi. Wengine wanasema mpeni kijana, ndiye aliyeungua. Ameungua, ndiyo, lakini angeangalia mpira badala ya viuno tusingekuwa hapa. Na kuna mzee mmoja alisema wote wakae chini, mwenye kosa ni kocha, na kosa lake lile limewavunjia heshima watatu badala ya kumvunjia yeye. Huyo mzee nilimpenda, lakini hakusaidia kitu, kwa sababu mpira ulikuwa bado haujarushwa.

Na msiniambie warushe wote kwa zamu. Mkaguzi alikuwepo, akasema mmoja, kocha, mmoja tu. Wala msiniambie wapige kura, maana Sauda ana ukoo mkubwa na Semkiwa ni yatima.

Mhina akamtazama Sauda, na nyuma yake akamwona mama mkwe anangoja. Akamtazama Bi Mwantumu, mwanamke aliyemlisha siku alizokuwa hana kitu. Akamtazama Semkiwa, aliyesimama ameficha bendeji nyuma kama mtoto. Akafungua mdomo kusema hakuna neno, akaona safari hii halifai. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ilimpasa kusema hapana, tena aiseme mara mbili, mbele ya watu, usoni kwa mtu aliyemwokoa.

Mimi nikamwacha hapo, mdomo wazi, mpira mkononi. Haya, wewe mchokonoa meno, weka kijiti chini. Je, nani alistahili kuurusha? Na ni wepi wawili ambao wewe ungewatazama machoni ukawaambia hapana?